Kichwa Si Gunia

Muhula wa kwanza ulinipiga dafrau ambayo sitaisahau. Nataka kuzungumzia jambo linalowakosesha wengi wetu usingizi: kwa nini mtu hubukua usiku kucha, halafu asubuhi akaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa mtupu kama debe lililotoboka?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Usiku wa kuamkia mtihani wa Historia nilisoma kuanzia saa mbili usiku hadi saa tisa. Miguu nilikuwa nimeitia ndani ya beseni la maji baridi kama tulivyofunzwa na waliotutangulia. Mama aliamka mara mbili kunikumbusha kwamba tokeni za stima zinakwisha, nami nikamsihi aniachie kidogo tu. Daftari lote nililisoma mara nne. Nilipiga mistari chini ya maneno kwa kalamu ya kijani hadi kurasa zikafanana na shamba la sukuma wiki. Asubuhi nikatembea kwenda shule kifua mbele.

Swali la kwanza lilitaka tueleze sababu za Wanandi kuwapinga Waingereza. Hamadi! Nikajikuta naandika habari za Kinjikitile, maji ya dawa na watu kulazimishwa kulima pamba. Niliandika kurasa mbili kamili, tena kwa mwandiko mzuri. Mwalimu alipigia yote mstari mmoja mwekundu na kuandika kando: "Hii ni Maji Maji!" Nilipata alama 31 kwa mia. Baba hakunigombeza. Aliitazama ile karatasi, akasema labda karo anaipeleka mahali pasipofaa, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kushona viatu. Ni afadhali angenichapa.

Mwalimu wetu wa Biolojia naye hakunihurumia. Aliniuliza nilisoma daftari mara ngapi. Nikajibu kwa fahari: mara nne. Akauliza tena, "Na ulilifunga ukajiuliza maswali mara ngapi?" Nikakosa la kusema. Ndipo akaniazima kitabu kinachoeleza jinsi ubongo unavyokumbuka, na mengi nitakayoyataja hapa nilianza kuyaonja humo.

Kitabu hicho nilikisoma kwa sababu ya watu wawili. Wa pili ni nyanya yangu. Nyanya anauza vitunguu na viazi sokoni hapa Nakuru tangu kabla baba hajazaliwa. Hakwenda shule. Madeni ya wateja wake wote huyaweka kichwani: nani amechukua viazi vya mia mbili, nani amelipa nusu, nani ameahidi Ijumaa. Mwezi Machi alimdai mama mmoja pesa ambazo, kumbe, zilikuwa zimelipwa. Wakazozana mbele ya soko zima. Shangazi yangu akasema basi, mama amezeeka, kichwa kimeanza kuruka, akae nyumbani apumzike. Nyanya alinyamaza siku mbili. Mimi ndiye niliyebeba jina la marehemu babu, kwa hivyo yeye huniita mume wake. Siku ya tatu akaniambia, "Mume wangu, nikikaa hapa nyumbani nitakufa."

Sasa tuingie katika mada yenyewe. Wengi wetu hudhani kichwa ni gunia: unatia, unashindilia, unafunga mdomo, na siku ya mtihani unamwaga. La hasha. Wataalamu husema kukumbuka kuna hatua tatu. Kwanza jambo liingie, pili lihifadhiwe, tatu litolewe linapohitajika. Mtu anaweza kushindwa katika hatua yoyote kati ya hizo, na kwa nje zote zinafanana. Tunasema tu, "Nimesahau."

Mlango wa kuingilia wenyewe ni mwembamba ajabu. Mwaka 1956, Mmarekani George Miller aliandika kwamba akili yaweza kushika mambo kama saba hivi kwa mara moja. Mwaka 2001 Nelson Cowan akapunguza hesabu hiyo, akasema ni kama manne tu. Manne! Ndiyo maana nambari ya simu tunaikata vipande vipande tunapoitaja.

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, kuna sehemu ndogo iliyopinda iitwayo hipokampasi. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Huko Marekani alikuwako kijana aitwaye Henry Molaison aliyesumbuliwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari alimpasua na kumwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata. Ungezungumza naye vizuri, ukatoka nje kidogo, ukirudi hakujui. Mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008.

Mtaalamu mmoja kutoka Kanada, Brenda Milner, alimpa Henry zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu wewe uone ilivyo vigumu. Henry alirudia zoezi hilo kwa siku tatu, na kila siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kamwe kuwahi kuchora. Kumbe kumbukumbu si moja! Ya mikono ina njia yake na ya habari ina yake. Nilipomweleza baba habari hizi alicheka, akasema ndiyo sababu anaweza kushona soli huku akibishana siasa.

Nirudi kwenye hatua ya kwanza, yaani kuingia, kwa maana hapo ndipo umakini unapohitajika. Sisi tunaishi kwenye ploti ya vyumba kumi. Jirani wa kushoto ana redio, wa kulia ana mtoto mchanga, na mimi nilikuwa na simu ya kaka kando ya daftari. Nilijiona hodari: nasoma mstari, najibu ujumbe, narudi kwenye mstari. Lakini ubongo haufanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja. Huwa unaruka kutoka moja hadi nyingine, na kila mruko una gharama yake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza kama ukoko unaobaki kwenye sufuria. Ndiyo kusema nilipokuwa nasoma juu ya Koitalel arap Samoei, nusu ya kichwa changu ilikuwa bado inangoja jibu la rafiki yangu juu ya mechi ya Jumamosi.

Siku hizi simu inalala chumbani kwa wazazi. Tena nafika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kelele kuanza, na kusoma somo moja tu bila kuinua kichwa kwa muda wa dakika 25 hivi. Sisi wa kutwa hatuna saa za kusoma jioni kama wenzetu wa bweni, kwa hivyo ni lazima tuiibe asubuhi.

Hatua ya kuhifadhi nayo ilichunguzwa zamani sana na Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Huyu bwana alijifanya yeye mwenyewe kuwa panya wa maabara. Alitunga silabi zisizo na maana, tuseme "zof" au "bik", akazikariri kwa mpangilio, halafu akapima ni muda gani angeokoa akizikariri upya baadaye. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama thuluthi. Lakini baada ya mwezi mzima bado ilikuwako kama sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba kusahau kunakimbia sana mwanzoni, kisha kunatembea polepole. Kwa hivyo ukingoja wiki ya mtihani ndipo udurusu, unafika wakati mwizi amekwisha kuondoka na mali.

Kuna jambo jingine ambalo Ebbinghaus aligundua, na hili lilinifanya niweke kitabu chini nikatafakari. Orodha moja ya silabi 12 aliirudia mara 68 mfululizo, akapata matokeo fulani kesho yake. Matokeo kama hayohayo aliyapata kwa kurudia mara 38 pekee, mradi marudio hayo yamegawanywa katika siku tatu. Hebu fikiria! Jasho ni karibu nusu, mavuno ni yaleyale. Mimi na beseni langu la maji baridi tulikuwa upande wa 68.

Lakini ikiwa kuna sehemu moja ya makala haya ambayo ningependa uikate ubandike ukutani, ni hii inayofuata juu ya kutoa. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likafunga karatasi na kuandika yote lililoweza kukumbuka, bila hata kusahihishwa. Walipojaribiwa baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vinne walishinda: asilimia 83 dhidi ya 71. Lakini walipojaribiwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka. Wasomaji wa vipindi vinne walikumbuka asilimia 40, na wale waliojiuliza wakakumbuka asilimia 61.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wale wa vipindi vinne ndio waliokuwa na uhakika kuwa watakumbuka. Si mimi huyo? Ukisoma kitu mara ya nne macho yanakifahamu, kinapita laini kama uji, nawe unadhani kimekwisha kukaa. Kumbe kukitambua kitu kilicho mbele yako si sawa na kukitoa kichwani kikiwa hakipo. Mtihani hauulizi kama umewahi kuliona jibu. Unakuuliza ulitoe. Na kila unapolitoa unaipanua njia, kama kichochoro kinachopitwa na watu kila siku hadi majani yakakoma kuota.

Tena ule usiku nilichanganya mambo mawili yanayofanana. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, na Koitalel aliuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo wa 1905. Pande zote mbili zilikuwa na kiongozi aliyeaminiwa kuwa na nguvu za kiroho. Nilivisoma usiku mmoja, kurasa zikifuatana, bila kujiuliza tofauti zake. Siku hizi nachora mstari katikati ya karatasi, daftari likiwa limefungwa, nakumbuka upande huu reli iliyopita katika nchi ya Wanandi na upande ule pamba ya Wajerumani. Mara ya kwanza nilikumbuka mambo matatu tu. Nilitaka kulia. Lakini huko kuhangaika ndiko kunakofanya kazi, na baada ya kuhangaika nafungua daftari nijisahihishe.

Usingizi nao si uvivu. Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Marekani waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakawaacha walale au wakeshe. Baada ya kulala walikumbuka mengi zaidi kuliko baada ya kukesha kwa muda uleule. Wataalamu wa leo husema kwamba tunapolala ubongo hurudia na kupanga yale ya mchana. Basi zile saa nilizozinyima kichwa ili nisome mara ya nne ndizo ambazo kingezitumia kuhifadhi ya mara ya kwanza. Na mama alikuwa akiniambia nizime taa!

Labda utauliza, je, haya ni ya vijana pekee? Hapa ndipo nilipokuwa na haraka ya kufika, kwa ajili ya nyanya. Mjini London, dereva wa teksi hapewi leseni kamili mpaka ajue kichwani barabara zipatazo 25,000. Kujifunza huko huchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha za ubongo wa madereva hao, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi ni kubwa kuliko ya watu wengine. Wabishi wakasema labda walizaliwa hivyo. Basi mwaka 2011 Maguire na mwenzake Katherine Woollett wakatoa matokeo ya kuwafuata wanafunzi wa udereva tangu mwanzo. Waliofaulu sehemu hiyo ilikuwa imekua. Walioshindwa haikukua. Na hawa ni watu wazima, si watoto wa chekechea.

Kwa wazee, utafiti wa mwaka 2011 ulioongozwa na Kirk Erickson huko Marekani uliwagawa watu 120 katika makundi mawili. Kundi moja lilitembea kwa kasi dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Hipokampasi yao iliongezeka kwa asilimia 2 hivi, huku ya wale waliokuwa wakinyoosha viungo tu ikipungua. Nyanya anatembea kwenda sokoni na kurudi kila siku. Shangazi alikuwa anataka kumwondolea dawa akidhani anamwondolea mzigo.

Tena mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la tiba la The Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni. Walikadiria kwamba kama mambo hayo yangeondolewa, karibu nusu ya visa vingezuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, upweke, kutofanya mazoezi na, jambo nililolisoma mara mbili, kutosikia vizuri.

Kutosikia! Nilimwambia baba, naye kwa mara ya kwanza tangu zile alama 31 akanisikiliza hadi mwisho. Tukampeleka nyanya kwenye kituo cha afya. Presha ilikuwa juu, akapewa dawa. Halafu nesi akasimama nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida. Nyanya hakugeuka. Akamwita tena. Hakugeuka.

Tulipomuuliza vizuri juu ya yule mama wa sokoni, ikabainika kwamba pesa alizipeleka jirani wa kibanda, naye akampigia nyanya kelele kwamba fulani amelipa. Ilikuwa saa za asubuhi, matatu zinapiga honi na makuli wanashusha viazi. Nyanya aliitikia kwa kichwa tu, kama afanyavyo siku hizi. Deni halikusahauliwa. Habari ya kulipwa haikuingia kamwe, na kisichoingia hakiwezi kutoka. Sisemi kwamba kila mzee anayesahau ana shida ya masikio. Wengine ni wagonjwa kweli, nao wanastahili kupelekwa kwa daktari badala ya kusengenywa kwamba wamerogwa. Nasema tu kwamba sisi tulikuwa tumekwisha kumhukumu nyanya kabla ya kuuliza ni hatua gani iliyoharibika.

Shangazi amekubali arudi sokoni, lakini siku nne kwa wiki. Kifaa cha kusikilizia ni ghali, baba anakichangia pole pole. Kwa sasa wateja wanaambiwa wasimame mbele yake ndipo waseme.

Nami muhula wa pili nilipata 58 katika Historia. Si miujiza. Fizikia bado inanitesa, kwa sababu huwezi kujiuliza vizuri jambo ambalo hukulielewa tangu mwanzo. Lakini kila jioni baada ya chakula nyanya huketi kwenye kigoda, nami humwuliza madeni ya siku hiyo, mmoja mmoja. Akimaliza ni zamu yangu. Namketia mbele, usoni pake, ili anisikie. Yeye hajui kusoma, hivyo daftari analishika tu mapajani, mara nyingine likiwa juu chini. Hata hivyo nikisitasita kidogo anajua. Jana nilikuwa naeleza jinsi Koitalel alivyouawa alipokwenda kwenye mkutano wa amani, nikakwama kwenye tarehe. Nyanya akafunga daftari, akatabasamu.

"Kumi na tisa, mume wangu," akasema. "Uliniambia Jumanne."